Mdudu Mdogo Kuliko Punje ya Ufuta

Jumamosi, tarehe 2, mwezi wa tatu

Umepotea wapi wewe mtoto? Mwezi wa kumi na moja ulisema, "Bibi, nakuja hivi karibuni," na huo ukaribu wako sasa umetimiza miezi minne. Badala yako nimepokea daftari, kalamu mbili na kioo cha kukuzia vitu, vimekuja kwenye mkoba wa mama yako kama dawa za mgonjwa. Eti kazini kwenu mnachunguza wadudu, na unahitaji mtu wa kuangalia miparachichi yangu kila siku na kuandika. Haya. Mimi ni bibi yako, sina pa kukutupa, nitaandika. Lakini ujue naandika nikiwa nimenuna.

Shule sijawahi kukanyaga. Herufi nilizidokoa kwa baba yako na wadogo zake walipokuwa wakisoma kwa sauti hapa jikoni, mimi nikipepeta mchele na kujifanya sisikii. Mwandiko wangu ukikuumiza macho, hiyo ndiyo adhabu yako ya kutokuja.

Umesema niandike ninachokiona, si ninachokidhani. Nihesabu kuanzia mzizi hadi mkono wangu unapofika, pande zote. Ninachokiona: miti kumi na moja. Mti wa nne, ule ninaouita Mnene, una madoa meupe kwenye gome kama mtu kaurushia unga. Katikati ya kila doa kuna tundu. Tundu lenyewe hata ncha ya kalamu hii haiingii. Nimehesabu tisa.

Jumatatu, tarehe 4

Mvua haijaanza. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka. Mnene: matundu kumi na moja.

Jumanne, tarehe 5

Nimeuonja ule unga mweupe. Usinipigie kelele. Ni mtamu. Mama yako alinikuta nimebandika ulimi kwenye mti.

"Mama! Ndiyo tumefika huko?"

"Njoo uonje na wewe."

"Mimi silambi magome."

"Basi niache wanaolamba tulambe."

Akaenda zake akicheka. Baadaye, kupitia dirisha la jikoni, nikamwona amesimama kwa Mnene, anachungulia huku na huku kama mwizi, kidole mdomoni. Aliporudi ndani sikumuuliza. Mkwe wangu namheshimu.

Ijumaa, tarehe 8

Leo kaa chini usome vizuri.

Bwana shamba amekuja, yule uliyempigia simu. Kijana mdogo, buti zinang'aa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona buti safi hivyo? Hujaingia shamba la mtu wiki hii?"

Akacheka, kwa hiyo nikampenda kidogo. Akatoa kisu, akakwangua gome la Mnene penye tundu. Chini ya gome, mahali panapotakiwa kuwa peupe, pana doa la kahawia, limelowa, linanuka kama pombe iliyochacha. Akafuta kisu kwenye suruali. 

"Bibi, mdudu huyu tunamfahamu. Anatoboa, anaingia, anaujaza mti ugonjwa kutoka ndani. Akishazama hakuna dawa ya kumfikia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitarudi mvua zikiisha, katikati ya mwezi wa tano. Tukijua alikotokea, na tukakuta yumo kwenye miti michache tu, tutakata hiyo michache. Tusipojua, au tukikuta amesambaa, tutakata yote kumi na moja na kuichoma."

Amesema "yote kumi na moja" kama mtu anayesema nipe chumvi. Mjukuu wangu, miti hii niliipanda na babu yako nikiwa na baba yako mgongoni. Tuliinywesha kwa ndoo kutoka bondeni, viangazi viwili vizima, na bega langu la kushoto mpaka leo liko chini kuliko la kulia. Hata wewe umekuzwa na matunda yake. Meno yako ya kwanza uliyatumia humo. Nitakuwa nani mimi uwanja ukibaki na visiki kumi na moja?

Nikamuuliza mdudu anatokea wapi. Akasema mara nyingi husafiri ndani ya miti iliyokatwa: magogo, kuni, mbao mbichi. Akanifundisha na mtego. Unachukua chupa ya plastiki, unaikata madirisha ubavuni, unaweka maji ya sabuni chini na kitambaa chenye spiriti juu. Mti unaougua hutoa harufu kama ya spiriti, na mdudu huifuata.

Alipotaja mbao mbichi niligeuza shingo, nikatazama ng'ambo ya uzio. Unajua nani yuko ng'ambo ya uzio wetu. Seremala, rafiki wa babu yako, na magogo yake ameyaegemeza kwangu kama vile uzio ni wa mamake.

Jumapili, tarehe 10

Mvua! Nimesimama nje nikalowa makusudi.

Jumanne, tarehe 12

Nimemwona kwa macho yangu.

Mvua ilikatika saa nane, jua likatoka kali, na kwa Mnene kitu kidogo kikachomoza tunduni. Kwanza nilidhani ni punje ya uchafu. Nikaweka kioo. Mdogo kuliko punje ya ufuta, mweusi wa kahawia, amenyooka kama risasi, na kichwa amekiinamisha chini ya mabega kama binti aliyekutana na baba mkwe njiani. Alitembea gomeni hatua chache, akasimama, akatembea. Nikapumua karibu, akajifanya amekufa. Nikasubiri. Mimi nimelea watoto sita, najua mtu anayejifanya amelala. Mguu ukacheza, akafunua mgongo, akatoa mabawa, akaruka.

Kiumbe kama hicho ndicho kinachotaka kumwangusha Mnene! Nimekasirika, lakini sitakuficha, nilikaa pale hadi saa kumi na moja nikingoja atoke mwingine.

Jumamosi, tarehe 16

Nimekata tawi moja la Mnene lililokauka, nikalipasua kwa panga. Ndani kuna vichochoro vyembamba vinavyopinda na kugawanyika kama mitaa ya watu waliojenga bila ramani. Kuta zake zimepakwa weusi. Humo mna mabuu meupe, hayana miguu, yamejipanga. Wadudu wakubwa wapo, na wengine wadogo zaidi, wa rangi hafifu, hawana mabawa ya kurukia. Nimewasukuma kwa sindano, hawaruki.

Sasa nijibu wewe uliyesoma: wanakula nini? Mdudu anayekula mti hujaza njia vumbi la mti. Humu ndani ni safi kama nyumba ya mgeni anayetarajiwa. Vumbi lote wamelitoa nje. Kama hawali mti, kwa nini wauingie?

Nimeviweka vipande kwenye mkebe, nimevifunika. Mama yako amesema mkebe huo ni wa sukari. Nimemwambia ulikuwa.

Jumanne, tarehe 19

Kwenye mkebe: ule weusi wa ukutani umepungua mahali mabuu yalipo. Umekwanguliwa. Wanakula rangi ya ukuta?

Mnene: kumi na tisa. Mti wa tatu: wanne. Wa nane: mawili. Wa tisa: matano. Nimeandika "wanne" hapo juu kwa sababu nilikuwa nafikiria wadudu. Matundu manne.

Nimetundika chupa tatu za mtego, zote kwenye uzio upande wa Seremala. Kila asubuhi tangu babu yako afariki huyu bwana hupaza sauti kutoka karakana yake, na leo hakuacha.

"Shemeji! Unanifulia chupa?"

"Ninatega wezi!"

"Basi jihadhari usijinase mwenyewe!"

Tulicheka. Nilicheka kwa meno tu.

Jumamosi, tarehe 23

Wadudu watano kwenye chupa za uzioni! Watano! Nimempigia simu bwana shamba kabla sijanywa chai. Nimemwambia magogo ya jirani ndiyo yanayotoa wadudu, ushahidi ninao, unaogelea.

Jumanne, tarehe 26

Bwana shamba alipita mbio mbio kwa pikipiki. Akachora alama nyekundu kwenye mbao na magogo yote ya Seremala: zisiguswe, zisisafirishwe, mpaka atakaporudi kuzipasua na kuzikagua. Seremala alikuwa na kazi ya vitanda ishirini vya bweni. Alisimama mlangoni mwa karakana, patasi mkononi, ananitazama. Sikuangalia pembeni. Nilikuwa na haki.

Alhamisi, tarehe 28

Asubuhi hakuna aliyeniita shemeji. Msumeno kimya. Ni mvua tu.

Jumapili, tarehe 31

Mvua. Mnene ishirini na sita.

Jumanne, tarehe 2, mwezi wa nne

Seremala amekuja. Alipitia getini kama mgeni, si kwenye uzio kama siku zote, na alibisha hodi. Mkononi ana chupa ya spiriti yake ya kupigia rangi mbao. Hakukaa ingawa mama yako alimvutia kiti.

"Chupa za mtego umetundika ngapi?"

"Tatu."

"Wapi?"

"Unajua wapi."

"Na huku kwako katikati ya miti?"

Nikaanza kupangusa meza.

"Mimi ni fundi," akasema. "Nikitaka kujua meza imepinda upande gani, napima pande zote nne. Wewe umepima upande mmoja, upande wangu, halafu umenichorea nyekundu. Spiriti hii hapa. Tega na kwako, shemeji. Ukikuta kwako hakuna kitu, nitayachoma magogo yangu mwenyewe na vitanda nitakwenda kuwaambia wenyewe vimenishinda."

Akaiweka chupa mezani. Kwaheri hakuaga.

Mama yako aliosha vyombo kwa kelele kubwa sana. Nikamwambia, "Sema tu."

"Sisemi kitu, Mama."

"Masufuria yanasema."

"Basi yasikilize."

Jumatano, tarehe 3

Nimetundika chupa moja katikati ya miti. Ili anyamaze.

Ijumaa, tarehe 5

Mvua kubwa. Sikuhesabu chupa.

Jumamosi, tarehe 6

Jana nilikudanganya. Nilihesabu.

Chupa zote tatu za uzioni: wadudu wanne. Chupa moja ya katikati ya miti yangu: thelathini na mmoja. Niliwamwaga kwenye sahani nyeupe nikawahesabu kwa kijiti, nikawahesabu tena, nikaanza kutafuta sababu. Labda upepo umewasukuma. Labda wametoka kwa Seremala wakapita juu ya uzio bila kushuka. Wanapita juu ya chupa tatu zenye harufu wanayoipenda, waende kunywa ya nne? Hata mimi nilijiona mjinga.

Wale watano wa kwanza waliruka kutoka kwangu kwenda kwake. Hilo silioni kwa macho, nadhani tu. Lakini sasa dhana yenyewe inaniangukia mimi, labda ndiyo maana naliamini zaidi.

Jumanne, tarehe 9

Nimetundika chupa kila mti, kumi na moja. Spiriti ya Seremala imeisha yote. Hesabu ya siku mbili ni hii: mti wa tatu, kumi na wawili. Mnene, ishirini na saba. Wa nane, tisa. Wa tisa, kumi na wanne. Mingine yote saba, mmoja mmoja au hakuna.

Nilikaa kizingitini nachambua maharage nikiitazama miti hiyo minne. Haiko mstari mmoja. Haiko upande wa uzio. Mmoja uko karibu na choo, mmoja karibu na barabara. Nikajiuliza: nyinyi wanne mna nini ambacho ndugu zenu hawana?

Mama yako akapita na karai la nguo, akafuata macho yangu hadi kwenye ile minne.

"Hiyo si ndiyo iliyozaa sana mwaka huu?" akasema, akapita.

Maharage yalinidondoka.

Nikueleze, maana wewe huwa huji msimu wa kuzaa. Tawi likilemewa na matunda hupasuka. Kwa hiyo kila mwaka nakata nguzo zenye panda juu, nazisimamisha chini ya matawi mazito, tawi linalala kwenye panda kama kichwa kwenye mto. Na kwa sababu panda huchuna gome, nazifunga matambara, mizunguko mitatu minne, kila penye kugusana. Watu hunicheka kwamba naivisha miti nguo. Nimefanya hivyo miaka yote na sijawahi kupoteza tawi. Mwaka huu nilisimamisha nguzo tisa, zote kwenye miti hiyo minne.

Nilikwenda kwa Mnene na kisu. Tambara la kwanza ni kanga yangu ya zamani, limelowa mvua, limekuwa zito. Nikalikata. Chini yake, mjukuu wangu, palikuwa kama chujio. Matundu yamesongamana hayahesabiki, unga mweupe umegeuka uji, na mdudu mmoja akatembea juu ya kucha yangu bila wasiwasi, kama mtu aliye kwake. Kwenye tawi matundu. Kwenye nguzo matundu zaidi, tena ya zamani, yana kingo nyeusi.

Uliniambia mti mzima, pande zote. Nami nilihesabu mti mzima isipokuwa mahali nilipofunga mwenyewe. Sikufungua kwa sababu kule nilikuwa nimeshafanya vizuri.

Jumatano, tarehe 10

Nimeshuka bondeni nikiegemea gongo, matope hadi vifundoni. Nguzo zote tisa nilizikata kwenye ule mkuyu mkubwa wa mferejini, mwezi wa kumi na mbili. Ulikuwa unakauka kileleni. Nikadhani ni uzee, nikasema afadhali nichukue panda zake kabla hazijaoza, hasara ya nini.

Mkuyu una matundu kutoka mguuni hadi macho yangu yanapoishia.

Nimewabeba begani. Begani, mimi mwenyewe, nguzo tisa, safari tisa. Nikawafungia kwenye miti yangu na kuwavisha nguo wasipate baridi.

Nimekaa kwenye jiwe mpaka miguu ikafa ganzi. Halafu, utanisamehe, nikatoa kioo. Kama kosa ni langu angalau nilione vizuri. Matundu ya mkuyu hayana unga mweupe, yana machozi ya kahawia. Mdudu ni yule yule lakini kila mti unalia kivyake. Hilo liandike huko kazini kwenu.

Jumamosi, tarehe 13

Nimempigia simu bwana shamba, nimemweleza yote bila kupaka sukari. Nimemwambia afute nyekundu kwa Seremala. Amesema lazima afute mwenyewe, atapita Jumatatu.

Halafu nikaenda karakana. Nilipita barabarani, nikabisha hodi kama alivyobisha kwangu. Alikuwa amekaa juu ya gogo lenye alama, mikono imelala magotini. Mikono ya mtu huyu sijawahi kuiona imelala.

"Wametoka kwangu," nikasema. "Nguzo zangu. Niliwaleta kwa bega langu. Wewe huna kosa na mimi nimekuvunjia heshima mbele ya watu."

Akainuka kwenye gogo.

"Nguzo ngapi?"

"Tisa."

"Ulizibeba peke yako?"

"Nani angenibebea?"

"Mimi niko hapa na mkokoteni mwaka mzima, shemeji! Ungeniita, ningeona matundu yale kabla nguzo haijafika begani. Mbao ndiyo kazi yangu! Lakini wewe kuomba msaada ni kama kuomba dunia ipasuke."

Alikuwa anapiga kelele sasa, na mimi nilifurahi, maana mtu anayekupigia kelele bado ni wako.

"Nimekuja kuomba radhi, si kuhesabiwa tabia," nikamwambia.

"Radhi nimetoa. Tabia nahesabu bure."

Jumatatu, tarehe 15

Alama zimefutwa. Magogo yake yamekaguliwa, hakuna tundu hata moja. Saa tano msumeno umeanza kuunguruma. Sijawahi kupenda kelele kiasi hiki.

Nguzo tisa na matambara yote tumevichoma hapahapa uwanjani, ili nisivisafirishe tena. Kanga ya zamani imewaka vizuri.

Nilimwonyesha bwana shamba mkebe wangu, nikamuuliza lile swali langu la rangi ya ukutani. Akatabasamu kama aliyeulizwa habari za mchumba wake. Kasema ule weusi ni ukungu, na mdudu ndiye anayeupanda. Mama anaubeba mdomoni kutoka mti wa kwao, akichimba nyumba mpya anausia ukutani kama mbegu, unaota, na watoto wanaula. Mti wenyewe hawauli. Ukungu huo ndio unaoziba mishipa ya mti hadi unakauka.

"Kwa hiyo ni mkulima," nikasema.

"Mkulima kabisa, bibi."

"Na wale wadogo wasio na mabawa?"

"Madume. Hawatoki. Wanazaliwa ndani, wanafia ndani."

Mama yako, aliyekuwa anaanika nguo na kujifanya hasikilizi, akasema, "Na kazi yote anafanya mama?"

"Yote," akasema bwana shamba, akatazama buti zake, ambazo siku hizi zina matope.

Nimemuwaza siku nzima huyo mwanamke mdogo kuliko ufuta. Anabeba mbegu mdomoni, anapita mvuani, hajui kama mti atakaoufikia una mwenyewe. Namtaka afe, afe yeye na ukoo wake. Lakini namjua.

Jumatano, tarehe 24

Mvua. Miti saba safi, hesabu sifuri. Nimefungua kila kitu kinachofungulika.

Jumatano, tarehe 1, mwezi wa tano

Mvua zimeanza kukonda. Mnene ameanza kuangusha majani. Matunda yake yanadondoka yakiwa madogo kama mayai ya njiwa.

Jumanne, tarehe 14

Bwana shamba amerudi na hukumu. Miti minne ikatwe. Chanzo kinajulikana, mkuyu nao utakatwa na kuchomwa na watu wa ofisi yao.

Waliletwa vijana wa kukata. Nikawaambia waende kwenye mkuyu, hii minne ina mtu wake. Seremala alikuja na msumeno wake mkubwa, hakusema utani. Alianza na wa tisa, akaacha Mnene mwisho. Kabla ya kumgusa aliniuliza, "Nikate sasa au uingie ndani kwanza?"

"Kata. Nataka kuona ndani."

Nilikaa karibu mpaka vumbi la mti likanijaa nywele. Mnene alipoanguka ardhi iligonga miguu yangu. Sikulia wakati ule. Nilichukua kioo nikapiga magoti kwenye kisiki. Pembeni kote vichochoro vyeusi, vinaingia ndani kiasi cha kidole, lakini moyoni mti ulikuwa mweupe, mbichi, haujui chochote. Nikamwita Seremala aone. Akapiga magoti naye, tukabaki hapo wazee wawili, vichwa vimegusana juu ya kioo kimoja, tukifuata njia za wadudu kwa vidole. Hapo ndipo nililia, na yeye akaendelea kuhesabu njia kwa sauti ili nisionekane nalia.

Tumevichoma vipande vyote. Moshi ulikaa uwanjani hadi jioni.

Halafu jambo moja. Bwana shamba, akiwa ameshavaa kofia ya pikipiki, alizunguka mti wa saba mara ya mwisho. Huu ndio ninaouita Mvivu: hauzai kitu, haujawahi kuhitaji nguzo. Akasimama. Usawa wa kiuno kuna kitundu. Hakina unga, hakina chozi. Kinaweza kuwa cha mdudu. Kinaweza kuwa alama ya mwiba au ya msumari wa zamani. Alikwangua kidogo, hakuridhika.

"Kama ni yeye," akasema, "basi ameruka bila nguzo, na sitakuwa na namna, bibi. Itakuwa yote saba. Nitarudi Ijumaa ya tarehe 31. Endelea kuangalia."

Jumanne, tarehe 21

Mama yako anasafiri kesho, atakuletea daftari hili. Limejaa ninachokiona na ninachokidhani, na utajua mwenyewe kipi ni kipi, maana nimeshajionyesha.

Kuhusu Mvivu: nimeuangalia siku saba, asubuhi na alasiri, kwa kioo, nikiwa nimepiga magoti. Nimeshapata jibu langu. Silisemi. Sijamwambia mama yako wala Seremala, wala humu siliandiki. Mti huu nautaka mno, na jicho linalotaka nimeshaona linavyohesabu. Na wewe nikikuambia utaniamini, kwa sababu unanipenda, halafu tutakuwa wajinga wawili.

Kwa hiyo njoo kabla ya tarehe 31. Njoo asubuhi, jua likiwa bado upande wa barabara. Usipite ndani kunisalimia, usinywe chai kwanza, nenda moja kwa moja kwa Mvivu na kioo chako mwenyewe. Uzunguke mti mzima, pande zote, kuanzia mzizini, uchukue muda wako, kisha uandike jibu kwenye kiganja kwa kalamu na ufumbe mkono. Mimi nitakuwa nimekaa kizingitini, jibu langu nimeliandika kiganjani, mkono umefumbwa. Hapo ndipo uje, unisalimie vizuri kama mtoto aliyelelewa, nasi tufumbue viganja kwa pamoja.